Maswali ya Wasomaji: Shokapu Inapogota Baada ya Kuruka

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha pikipiki ya magurudumu manne ya michezo, yenye shokapu mbili mbele na moja nyuma. Mimi nina uzito wa kilo 92, nayo pikipiki ikiwa na mafuta inafika kilo 190 hivi. Miezi mitatu iliyopita nilibadilisha mikono ya mbele (vyuma vinavyounganisha magurudumu na fremu) nikaweka mirefu zaidi kwa sentimita 5 kila upande ili isiwe rahisi kupinduka kwenye kona, lakini shokapu nikaziacha zile zile. Tangu hapo, kila nikiruka tuta langu la mazoezi na kutua ng'ambo yake palipo tambarare, nasikia mlio wa chuma kwa chuma na viganja vinakufa ganzi. Fundi wangu alikaza nati za springi hadi mwisho. Sasa pikipiki inanirusharusha hata kwenye vijiwe vidogo, na bado inagota. Je, ninunue shokapu mpya?

JIBU: Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Barua yako ina mambo kadhaa yaliyofungamana, na ukiongeza shokapu mpya juu yake utakuwa umeongeza fundo jingine. Nianze na jambo ambalo waendeshaji wengi hawapendi kulisikia, nalo ni mahali unapotua.

Shokapu hugota pale nguvu ya kuanguka inapozidi kiasi ambacho springi na mafuta ya ndani vinaweza kukimeza kabla ya nafasi ya kubonyea kwisha. Tuseme unaanguka kutoka kimo cha mita 1.5. Unafika chini ukiwa na kasi ya kushuka ya takribani mita 5.4 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 20 kwa saa, na kasi hiyo yote inapaswa kuisha ndani ya sentimita 25 hivi ambazo magurudumu ya pikipiki ya aina yako yanaweza kupanda. Ukipiga hesabu utaona kwamba nguvu ya wastani inayohitajika ni mara 7 ya uzito wako na wa pikipiki kwa pamoja, na huo ni wastani wa hali ambayo kila milimita ya nafasi hiyo imetumika, jambo ambalo ni nadra.

Sasa chukua mruko huo huo, ukiwa na kasi ya kwenda mbele ya mita 10 kwa sekunde, ila badala ya kutua tambarare utue kwenye mteremko wa nyuzi 20. Njia yako ya kushuka angani ina mwinamo wa nyuzi 28 na nusu, kwa hiyo tofauti kati yake na ardhi ni nyuzi 8 na nusu tu, na kasi inayoigonga ardhi moja kwa moja inapungua hadi mita 1.7 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha sentimita 14 au 15. Pikipiki ni ile ile, dereva ni yule yule, wala hakuna skrubu iliyoguswa. Sijui shokapu ya bei yoyote inayoweza kukufanyia hivyo. Mara nyingi anayetua tambarare ni yule aliyeupita mteremko wa kutulia kwa sababu alilifuata tuta kwa mwendo mkubwa mno. Ukipunguza mwendo kidogo, ukaangukia juu ya mteremko badala ya mbele yake, huenda nusu ya tatizo lako ikaisha siku hiyo hiyo. Na ikiwa tuta lako halina mteremko wa kutulia kabisa, beleshi na siku moja ya kazi vitakusaidia kuliko kwenda dukani.

Baada ya hapo tuitazame mikono uliyoibadilisha. Mkono wa mbele ni wenzo: egemeo lake liko kwenye fremu, gurudumu liko nchani, na shokapu imeshika mahali fulani katikati. Ukiurefusha mkono huku kitako cha shokapu kikibaki pale pale, unalipa gurudumu uwezo zaidi wa kuishinda springi. Kwa mkono uliokuwa na sentimita 40 na sasa una 45, ugumu unaohisiwa kwenye gurudumu hupungua kwa takribani asilimia 21, kwa kuwa badiliko la urefu huhesabiwa mara mbili: mara moja kwenye nguvu, na mara ya pili kwenye umbali. Ni kweli kwamba gurudumu linapata nafasi kubwa kidogo ya kupanda, lakini pikipiki nayo inakaa chini zaidi hata kabla hujaondoka, na kwa pigo lile lile pistoni ya shokapu inasukumwa polepole kuliko zamani, hivyo mafuta yanaizuia kwa nguvu ndogo zaidi. Aliyekuuzia mikono hiyo alipaswa kukueleza kwamba inadai springi ngumu zaidi. Kwa mfano huu, kuurudisha ugumu wa awali kwenye gurudumu kunahitaji springi yenye ugumu wa ziada wa asilimia 27 hivi, na hapo bado hatujazungumzia uzito wako, ambao pengine ni mkubwa kuliko ule uliokusudiwa na kiwanda.

Fundi wako alikaza nati, na simlaumu, maana hilo ndilo jambo linaloonekana kwa macho. Hata hivyo, kukaza nati hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Springi ya nyutoni 30 kwa milimita, yaani inayodai nguvu ya nyutoni 30 kwa kila milimita inayobonyea, hubaki hivyo hata ukiibana kiasi gani. Unachobadilisha ni nguvu inayoanza nayo na kimo ambacho pikipiki inakaa. Ndiyo sababu sasa inakataa kubonyea kwenye vijiwe vidogo, ilhali kwenye mruko mkubwa msaada wake ni kidogo. Kuna hatari nyingine ambayo ningependa uichunguze kabla ya kuruka tena: springi iliyobanwa hadi mwisho inaweza kufikia hali ambayo pete zake zinagusana zote kabla shokapu haijamaliza nafasi yake. Mlio wake ni wa chuma kwa chuma, kama ule uliouandika. Ichukue tochi, uangalie katikati ya pete. Ukiona rangi imechubuka kwa mistari inayolingana, basi springi yenyewe ndiyo inayogota, na nati ndiyo chanzo.

Kwa hiyo legeza nati, kisha upime. Inyanyue pikipiki juu ya boksi mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie, halafu upime kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoichora kwenye fremu moja kwa moja juu yake. Ishushe, ibonyeze mara mbili tatu, upande ukiwa umevaa helmeti, buti na kila kitu unachokivaa siku ya mbio, usimame kwenye vikanyagio, na mwenzako apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kuzama kwa pikipiki chini ya uzito wako. Kiasi kinachofaa kwa pikipiki ya michezo ni karibu theluthi moja ya nafasi yote, kati ya asilimia 30 na 35. Kwa nafasi ya milimita 250 ni milimita 75 hadi 87. Iwapo inazama zaidi ya hapo na ukilazimika kukaza nati mno ili kuipata namba hiyo, springi ni laini kwako, na hapo ndipo pesa zako zitumike: springi mbili za mbele zenye ugumu unaostahili, kabla ya kufikiria shokapu nzima.

Angalia pia kama shokapu zako zina springi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, jambo la kawaida kwenye pikipiki hizi. Springi laini ya nyutoni 20 ikikaa juu ya ngumu ya 60, zote mbili kwa pamoja hufanya kazi kama springi ya 15, mpaka pete ya katikati inapogusa kizuizi chake. Kuanzia hapo ile ya 60 inabeba peke yake. Ukiisogeza pete hiyo ili iguse mapema zaidi, unaupata ugumu wa kutulia bila kuupoteza ulaini wa vijiwe. Mabadiliko hayo ni ya dakika chache, tena hayana gharama, nami nashangaa ni wangapi hawajui hata kwamba pete hiyo husogea.

Mwisho kabisa, ndipo uzishike skrubu za mafuta, zile zinazorekebisha jinsi mafuta yanavyopita ndani ya shokapu, ikiwa shokapu zako zinazo. Funga polepole ile ya kubonyea hadi mwisho huku ukihesabu milio yake ya "tik", uandike namba, uirudishe ilipokuwa, halafu ukaze milio 2 tu na uende kuruka. Zile zenye marekebisho mawili ya kubonyea huwa na moja ya mwendo wa taratibu na nyingine ya mwendo wa kasi, na neno kasi hapa linahusu mwendo wa pistoni ndani ya shokapu, si wa pikipiki barabarani. Kutua kunashughulikiwa zaidi na hilo la pili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Aliyegusa vitu vitatu kwa pamoja hajui kilichomponya wala kilichomdhuru.

Utajuaje kwamba umefika? Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu karibu na sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje), isibane sana. Shokapu ikibonyea, sili itaisukuma kamba hiyo na kuiacha mahali ilipofika mwisho. Ruka tuta lako kubwa kuliko yote, kisha usome. Kamba ikiwa imeukaribia mpira wa kuzuia au kuugusa kidogo mara moja katika siku nzima, umepata. Ikibaki mbali na mwisho kila siku, umekaza kupita kiasi na unabeba nafasi ambayo huitumii. Shokapu isiyofika mwisho hata mara moja nayo imekosewa kurekebishwa, ingawa mwenye nayo kwa kawaida hujisifu.

SWALI: Shokapu yangu ya nyuma pekee ndiyo inayogota. Jambo la ajabu ni kwamba tuta la kwanza natua vizuri, la pili hafifu, na la tatu ninapigwa kiunoni. Matuta yote yana kimo kimoja.

JIBU: Umejijibu nusu. Tuta la kwanza lingekuwa baya kama springi au skrubu ya kubonyea ndiyo tatizo. Kinachokupata ni kwamba shokapu inarudi juu polepole mno: inabonyea kwenye tuta la kwanza, haijamaliza kunyooka unafika la pili, na ukifika la tatu inaanza ikiwa tayari imekaa katikati ya nafasi yake. Wengi hukosea hapo kwa kukaza skrubu ya kubonyea, na hali inabaki vile vile. Legeza skrubu ya kurudi, ambayo mara nyingi iko upande wa chini wa shokapu, milio 2 kwa wakati, mpaka tuta la tatu lifanane na la kwanza. Ukilegeza mno utajua, kwa kuwa nyuma itakurusha juu mara baada ya kutua kama punda aliyechoshwa. Ukifika hapo, rudisha mlio mmoja au miwili.

Ila nakuomba uchunguze jambo moja kabla ya hayo yote. Je, tatizo hilo huanza mara unapoingia njiani, au baada ya dakika 20 za kuruka? Kama ni baada ya muda, skrubu haina kosa. Mafuta ya shokapu yakipata joto huwa mepesi, na kama gesi ya nitrojeni iliyo ndani ya kopo lake la pembeni imevuja, mafuta hutoa povu, na pistoni ikipita kwenye povu haizuiwi na chochote. Angalia unyevu wa mafuta kuzunguka fimbo. Kazi ya kubadilisha mafuta na kujaza gesi umwachie fundi mwenye vifaa, kwa sababu kopo hilo lina mgandamizo mkubwa, mara nyingi wa bar 10 au zaidi, na kulifungua bila kuutoa kwanza ni kujitafutia majeraha. Asikujazie hewa ya kawaida ya kompresa, yenye unyevu. Oksijeni ndiyo isiguswe kabisa, kwani ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo inaweza kulipuka.

Kuhusu kiuno chako, barua yako inanipa shaka kwamba unatua ukiwa umekaa. Dereva wa kilo 80 kwenye pikipiki ya kilo 180 ni karibu theluthi moja ya mzigo wote. Akikaa, theluthi hiyo inaishukia shokapu ya nyuma kwa mara moja pamoja na uti wa mgongo wake. Akisimama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa na viwiko vimefunguka, miguu yake inaongeza sentimita 20 au 30 za kupunguza mwendo ambazo hakuna fundi anayeweza kuzifunga kwenye pikipiki. Anza kunyooka kidogo ukiwa angani ili uwe na kitu cha kukunja ukifika. Jitahidi pia usiinue pua kupita kiasi, maana magurudumu ya nyuma yakitangulia sana, shokapu moja inabeba kazi ya tatu. Ukiona pua imepanda, gusa breki ya nyuma kidogo ukiwa bado hewani. Gurudumu linaposimama, pua hushuka. Ikiwa inashuka kupita kiasi, vuta mafuta, nayo itapanda. Unapogusa ardhi, uwe umevuta mafuta kwa wastani ili magurudumu yawe yanazunguka kwa mwendo unaolingana na wa pikipiki, na mnyororo usipigwe mshtuko.

SWALI: Nimefunga kamba kwenye fimbo kama mlivyoshauri zamani, na inaonyesha bado nina sentimita 3 kabla ya mwisho. Lakini mlio mkubwa naendelea kuusikia kila nikitua. Nani anadanganya, kamba au masikio?

JIBU: Hakuna anayedanganya. Kamba inakwambia kwamba shokapu haijagota, na masikio yanakwambia kwamba kitu kingine kimegota. Lala chini ya pikipiki na uangalie bamba la kinga la tumboni. Mikwaruzo mipya yenye kung'aa ina maana kwamba fremu inafika ardhini kabla shokapu haijamaliza kazi, na dawa yake ni kimo cha pikipiki, si ugumu. Kisha uangalie rimu. Pikipiki hizi hutumia upepo mdogo sana kwenye tairi, mara nyingi kati ya psi 4 na 7, na kipimo cha kawaida cha magari hakiwezi kusoma namba hizo kwa uhakika. Tafuta kipimo cha upepo mdogo. Tairi lenye psi 2 pungufu linaweza kuiruhusu rimu igonge jiwe, na alama yake ni ukingo uliopinda upande mmoja au mkato mdogo kwenye mpira.

Ikiwa huoni kitu, paka chaki nzito au kandika udongo laini kwenye sehemu unazozishuku: chini ya madigadi, kwenye bomba la moshi, na pale mkono wa nyuma unapokaribia fremu. Ruka mara moja, rudi, usome alama. Halafu shika gurudumu la nyuma ukiwa umelinyanyua, ulisukume juu na chini kwa mikono miwili. Ukisikia mchezo wa milimita kadhaa na mlio wa "tok", beringi za viungo vya shokapu zimekwisha, na zinapiga kelele zenyewe kila unapotua. Beringi hizo zinaishi kwenye tope na maji, na wengi hawazipaki grisi mpaka siku zinapovunjika.

SWALI: Nina pikipiki ya magurudumu manne ya kazi, yenye keria za kubebea mizigo mbele na nyuma. Je, nikikaza springi naweza kuruka matuta madogo?

JIBU: Hapana. Pikipiki ya kazi ni nzito zaidi, nafasi yake ya kubonyea ni ndogo kuliko ya michezo, na watengenezaji wake huonya kwenye kitabu cha maelekezo kwamba isirukishwe. Springi zake zimepangwa kwa ajili ya mzigo unaosimama juu yake kwa saa nzima, si mzigo unaoanguka juu yake kwa sekunde moja. Kwa mashimo na mabonde ya njiani, pima kuzama kama nilivyoeleza hapo juu, mara moja ukiwa huna mzigo na mara nyingine ukiwa nao, na urekebishe hatua za nati kila mzigo unapobadilika sana. Mzigo mzito uufunge chini na karibu na katikati, si nyuma kabisa kwenye keria. Ukishindwa kulikwepa tuta, punguza mwendo kabla ya kulifikia, simama kwenye vikanyagio, na uachie breki za mbele unapolipanda, kwa kuwa breki iliyoshikwa huzibonyeza shokapu za mbele na kukula nafasi uliyokuwa unaihitaji upande wa pili.